Bustani ya Bamia Chini ya Picha ya Tembo

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi kwa saa ya ukutani ya kafe ya intaneti ya Mikumi, pale nilipozidisha nane kwa kumi na moja nikapata themanini na nane.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Niliifanya kwa kukosa kazi. Dada mwenye kafe alikuwa anahangaika kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ile milio ya kukwaruza kama kuku aliyefungiwa ndani ya debe, na mwalimu wangu wa hisabati alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nimepakata daftari lenye makala yake. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Macho yakaangukia pale palipoandikwa upana mita 8, urefu mita 11. Nikazidisha tu, hivi hivi, kama mtu anavyong'ata kucha. Themanini na nane. Na ukurasa wa kwanza wa makala hiyo hiyo unasema bustani ina mita za mraba arobaini.

Nikalifunga daftari. Kwa sababu ile nane na ile kumi na moja hazikuwa za mwalimu. Zilikuwa zangu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwandiko wa mwalimu wangu hausomeki. Hata yeye hausomi; nimewahi kumwona ameshika karatasi yake mwenyewe, anaigeuza juu chini kama mtu aliyeletewa barua ya Kichina. Wangu unasomeka. Kwa hiyo tangu kidato cha pili mimi ndiye ninayemwandikia ubaoni, na darasani wananiita Mkono wa Mwalimu. Kazi hii inanifaa mno. Unaandika umewapa watu mgongo, huulizwi kitu, na kengele ikilia unakung'uta chaki unakwenda zako. Mimi ni mtu ambaye nikiitwa jina langu ghafla nasahau kama ni langu.

Mwalimu huyo ana kipindi chake cha jioni, pale shuleni kwetu Kilosa, anafundisha hisabati kwa Kiswahili. Mchana anafundisha kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, sisi tunatikisa vichwa. Jioni anarudia yale yale kwa Kiswahili, ndipo tunaelewa tulichokuwa tunakitikisia vichwa. Kabla ya kipindi hicho nilikuwa napata sifuri nzuri za mviringo. Baada yake nikaanza kupata namba zenye pembe.

Mkuu wa shule hakukipenda. Alisema kinawachanganya watoto, na kwamba hisabati ya sekondari haiandikiki kwa Kiswahili ikakaa sawa. Mwalimu akajibu kwamba ataiandika, tena ataiweka kwenye intaneti, dunia nzima iione. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: mashamba ya mkonge yanabinafsishwa, redio mpya zinaongea usiku na mchana, na intaneti ilikuwa neno ambalo mtu akilitamka, wenzake wanamsogezea kiti. Mkuu wa shule alicheka. Akasema, "Sawa. Jumatatu asubuhi niletee mezani, imechapwa kutoka huko huko kwenye intaneti. Isipokuwepo, au nikiikuta na kosa, kipindi chako cha jioni kimekufa."

Basi mwalimu akaandika makala. Mkulima wa Zombo ana bustani ya bamia. Urefu wake unazidi upana kwa mita tatu. Eneo ni mita za mraba arobaini. Tafuta upana, kisha mwambie anunue seng'enge kiasi gani kuizungushia ili ng'ombe wasiingie. Alhamisi akanipa mswada wake ninakili kwa mwandiko safi, na hapo ndipo nilipofanya nilichokifanya.

Katika mstari wa tisa, kwenye kile kipande kinachoanza na toa tatu, niliruka alama ya kutoa. Kijistari kimoja. Badala ya toa tatu jumlisha au toa kipeuo cha mia moja sitini na tisa, ambacho ni kumi na tatu, nikaandika tatu jumlisha au toa kipeuo hicho hicho. Nilipofika mstari wa kumi nikakuta mwalimu kaandika kwamba jibu ni tano. Nikashangaa. Tatu na kumi na tatu ni kumi na sita, gawanya kwa mbili ni nane. Mwalimu kakosea!

Sasa mtoto aliyelelewa vizuri anafanya nini akiona mkubwa wake amekosea? Hasemi. Kwetu mgeni akiwa na punje ya wali kidevuni humwambii; unamletea maji ya kunawa, anajikuta kanawa na uso. Nikamsitiri. Nikaifuta tano yake nikaweka nane, urefu nikaufanya kumi na moja, na seng'enge nayo nikairekebisha ifuate. Kisha nikalala usingizi mzito wa mtu aliyetoa sadaka.

Mwalimu hakuisoma nakala yangu. Aliitazama tu kwa mbali, akasema, "Hiyo sasa ndiyo hisabati," akaitia kwenye mfuko wa plastiki, na Ijumaa tukapanda gari la kwenda Mikumi, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kafe yenye laini inayofanya kazi. Yeye alilala nyumba ya wageni, mimi kwa shangazi yangu anayepika chakula cha madereva wa malori pale barabarani.

Kwa hiyo saa nne na dakika kumi nikajua kwamba sikuwa nimemsitiri mtu. Nilikuwa nimemtegea.

Kusema ningeweza kusema pale pale. Sentensi yenyewe ni fupi. Nilifungua mdomo, mwalimu akageuka, nikaufunga, nikajifanya napiga mwayo.

"Umechoka, mwanangu?"

"Hapana, mwalimu."

"Vumilia. Leo bamia zinakwenda Ulaya."

Kitu kilichoniokoa ni kompyuta. Dada mwenye kafe alikuwa amejifunza mwenyewe kutengeneza kurasa, alitengeneza ya nyumba za wageni za pale mjini ili watalii waje kuona mbuga. Ukurasa ulikuwa na tembo mmoja mkubwa juu, bei ya vyumba katikati, na nafasi tupu chini. Nafasi hiyo tupu ndiyo aliyompa mwalimu. Akaandika maelezo kwa vidole viwili, haraka kuliko mimi kwa kumi, na kila alipofika kwenye mlinganyo akabofya alama kutoka kwenye orodha fulani. Kisha akasema, "Haya, tuone," ukurasa ukafunguka taratibu: tembo, vyumba, kichwa cha makala, mkulima wa Zombo, halafu pale palipopaswa kuwa na mlinganyo pakatokea viboksi. Viboksi vitupu vimepangana kama madirisha ya bweni.

"Hivi ni nini?" mwalimu akauliza.

"Mashine haizijui hizo alama, mwalimu. Isichokijua inakiwekea boksi."

"Kipeuo cha pili haikijui?"

"Haikijui."

"Jumlisha au toa?"

"Boksi."

"Sasa inajua nini?"

"Tembo inamjua," dada akasema.

Mwalimu alishika kichwa. Mimi nilifurahi hadi nikaona aibu. Viboksi vilikuwa vimemeza kosa langu lote, mstari wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, halali na haramu vimo ndani ya boksi moja. Nikaomba kimoyomoyo vibaki. Tangu hapo siku ile ikawa na pande mbili: wao wanapigana ili hisabati ionekane, mimi peke yangu naomba isionekane.

Kompyuta ya pili ilikuwa na dereva wa lori. Lori lake lilikuwa nje limevunjika springi, na yeye alikuwa anasubiri tajiri wake wa Dar es Salaam amjibu kwa barua pepe kama spea inakuja. Jibu halikuwa linakuja, kwa hiyo alitutazama sisi. Haikuchukua dakika tano yeye na mwalimu wakawa wameulizana makabila. Dereva Mhehe wa Iringa. Mwalimu Mngoni, babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge Kilosa, hakurudi. Mhehe na Mngoni ni watani. Basi kafe ikachangamka.

"Ndiyo maana," dereva akasema. "Mngoni akikosa vita anapigana na namba."

"Nyamaza wewe. Nyumbani kwako nani analinda, au mlinzi mlimla Krismasi?"

Dada akacheka hadi akafuta alichokuwa ameandika. Mimi nikaangalia sakafu. Utani huo, kwamba Wahehe wanakula mbwa, ni wa zamani na wanaoambiwa hawakasiriki, lakini mimi hata utani wa watu wengine unanitoa jasho.

Jaribio la pili lilikuwa kuandika milinganyo kwa herufi za kawaida, zile ambazo mashine inazijua. Dada aliweka herufi V badala ya kipeuo, akaweka alama ya kujumlisha na ya kutoa zikiwa zimefuatana, na mkwaju wa kugawanya. Kanuni nzima, ile ya kutafutia upana, ikalala mstari mmoja hivi:

x=-b+-Vb2-4ac/2a

Mwalimu akainamia kioo. Dereva naye akasogeza kiti.

"Hii ni namba ya gari?" akauliza.

"Dada," mwalimu akasema kwa upole wa mtu anayeumia, "kipeuo ni paa. Lazima lifunike be ya kipeo cha pili pamoja na toa nne a se. Hapa umempa be mwavuli, wenzake umewaacha kwenye mvua."

"Paa refu sina, mwalimu."

"Na huyu mbili a anatakiwa kuwabeba wote. Awe chini, wote juu yake. Hapa anambeba huyu wa mwisho tu."

"Wakae ghorofani, kwa maana nyingine."

"Ndiyo!"

"Mashine yangu haina ghorofa."

Nilikaribia kusema kwamba mbona inasomeka, tuiache hivyo hivyo. Ningekuwa nimedanganya, na nilikuwa tayari. Lakini dada alikuwa ameshamgeukia tembo wake. Akamtazama, akampeleka kushoto kwa kipanya, akampeleka kulia. Akasema taratibu, "Huyu hapa sikumwandika. Huyu nilimpiga picha. Mlinganyo nao si tuupige picha?"

Alikuwa na skana, aliitumia kwa vyeti vya watu na picha za paspoti. Mpango ukawa hivi: kila mlinganyo uandikwe kwa mkono kwenye kipande chake cha karatasi, kwa wino mweusi, ulazwe kwenye kioo, uingie kwenye ukurasa kama picha. Tembo kumi na mmoja wadogo.

"Mwandiko upo," mwalimu akasema, akaniwekea mkono begani.

Nikaandika. Dada alinipa meza ya kukatia picha na kalamu mpya. Nilipofika kipande cha tisa mwalimu alikuwa amesimama pembeni, ananisomea kutoka kwenye nakala yangu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma maandiko.

"Tatu. Jumlisha au toa. Kipeuo cha mia moja sitini na tisa. Chini, mbili."

Aliisoma bila toa. Alikuwa anaiamini nakala kuliko kichwa chake. Kalamu ilisimama hewani.

"Wino umeisha?" akauliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi andika, mwanangu."

Nikaandika. Mwandiko wenyewe ulitoka mzuri kuliko siku zote. Ile tatu ina kiuno kabisa.

Mara ya kwanza picha zilitoka na ukubwa wa tembo, kwa sababu dada alisahau kupunguza kipimo. Iksi moja ilijaza kioo kizima. Ilibidi uburute ukurasa kwenda kulia kwa muda mrefu kama unatafuta mpaka wa wilaya ndipo ufikie alama ya sawasawa. Dereva alisema huo mlinganyo ungehitaji kibali cha mizigo mikubwa. Mara ya pili zikawa ndogo kama chawa. Mara ya tatu, mnamo saa nane mchana, zikakaa sawa. Picha kutoka kwenye intaneti ilikuwa inateremka kidogo kidogo kuanzia juu, kwa hiyo unaona kwanza paa la kipeuo, unasubiri, kisha vichwa vya namba, unasubiri, kisha wenyewe. Watu waliokuwa wakipita njia walianza kuchungulia. Muuza maji aliweka ndoo chini. Kila paa lilipotokea mtu mmoja alisema, "Linakuja, linakuja," na mlinganyo ulipokamilika wakapiga makofi. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kihesabu cha wageni: ulikuwa umetembelewa mara tatu. Mara zote tatu ni sisi. Mwalimu aliandika namba hiyo kwenye kiganja chake.

Mstari wa tisa ukateremka. Wa kumi. Wa kumi na moja. Upana mita 8, urefu mita 11. Makofi.

Dereva hakupiga. Alikuwa amewahi kupakia mbao, na mtu wa mbao hawezi kuona namba mbili zimekaa pamoja asizizidishe.

"Mngoni," akasema, "nane kwa kumi na moja ni themanini na nane. Arobaini yako umeitoa wapi?"

Nilifumba macho. Nikajisemea moyoni, sasa imekwisha, na afadhali imesemwa na mtu mwingine.

Lakini watu walicheka! Muuza maji alicheka akashika mlango. Mwalimu naye akacheka, akafuta machozi. Aliyesema ni mtani, na mtani kazi yake ni kukwambia umekosea. Akikwambia umepatia ndipo ushtuke. Ukweli ulikuwa umetamkwa wazi mbele ya watu saba na hakuna hata mmoja aliyeupokea.

"Wewe endelea na springi yako," mwalimu akasema.

"Nakwambia kweli. Njoo nje nikuonyeshe."

"Twende!"

Wakatoka, na sisi sote nyuma yao. Dereva akachora mstari vumbini kwa kisigino karibu na tairi la lori lake, akaanza kupima kwa hatua. Moja, mbili, hadi nane, ikaishia kwenye kibanda cha chipsi. Akakata kona. Kumi na moja zikampeleka hadi katikati ya njia ya waenda kwa miguu, akasimama pale, mikono kiunoni, baiskeli zinamkwepa.

"Hii ni bustani ya mita arobaini? Hapa napaki malori mawili."

"Hatua za Mhehe zimezoea milima," mwalimu akajibu. "Ndefu mno. Pima kibinadamu."

"Pima wewe basi."

Mwalimu akapima. Alivaa viatu vya kazi vilivyong'arishwa, akatembea vumbini akihesabu kwa sauti, na alipofika kumi na moja hakuwa mbali na alipofika dereva. Akatazama nyuma. Akatazama kibanda cha chipsi. Nikaona uso wake umebadilika kidogo, kama mtu aliyehisi ngazi imekosa kidato. Akarudia tena, kwa hatua fupi zaidi. Mara ya tatu alipima kisigino kwa kidole, kama bibi harusi, na watu wakazidi kucheka, na yeye hakuwa anacheka tena. Alikuwa anajaribu kuifanya dunia iingie kwenye jibu langu.

Hilo sikuliweza.

"Mwalimu," nikasema. Haikusikika. Nikasema tena, na mara hii ikatoka sauti ambayo sikuijua, kubwa, yenye mikwaruzo, hata muuza chipsi aliinua kichwa. "Mwalimu, hiyo nane ni yangu!"

Nikaeleza pale pale, nimesimama ndani ya bustani ya bamia ya vumbi, nikiwa nimeangalia viatu vyake: alama niliyoiruka, tano niliyoifuta, kumi na moja niliyoibuni. Nikaeleza vibaya, nyuma mbele, lakini nikamaliza.

Mwalimu akatoa mswada wake mfukoni. Akaugeuza juu chini mara mbili hadi akapata upande wake. Akaupeleka karibu na pua.

"Toa tatu," akasoma. "Nilikuwa nimeiweka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo uliona nimekosea."

"Niliona hivyo, mwalimu."

"Ukaninyamazia."

"Niliona haya, mwalimu."

Alifikiri. "Na leo umeona sikukosea, ndipo unanitangazia mtaa mzima."

Dereva alifungua mdomo, na mwalimu akamnyooshea kidole bila kumtazama. "Wewe usiseme kitu." Dereva akaufunga. Akaondoka taratibu kutoka kwenye bustani, akichunga asikanyage mpaka.

Tulirudi ndani tubadilishe. Dada aliondoa picha tatu za mwisho, na alipokuwa anafungua skana umeme ukakatika Mikumi nzima. Kabla kioo hakijazimika niliona zile nafasi tatu: mashine ilikuwa imeweka viboksi vitupu, kila kimoja na iksi ndogo nyekundu kwenye kona. Dada akasema ukikatika saa hizi haurudi hadi alfajiri. Tuje kesho saa mbili, atafungua ingawa ni Jumapili. Mwalimu akanipa mswada. Hakusema kitu kuhusu kipindi cha jioni wala kuhusu Jumatatu. Alisema tu, "Mitatu ya mwisho. Iandike," akaenda zake nyumba ya wageni, na soli zake nyeupe kwa vumbi.

Usiku shangazi aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba. Akasema kwake hakuna mtu aliyewahi kushiba kabla ya kula, akanisimamia hadi nikamaliza.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla ya shangazi hajawasha moto. Nilikaa jikoni juu ya kigoda, mlango wazi ili nipate mwanga, ubao wa kukatia mboga magotini. Mstari wa tisa niliuandika kwanza. Toa nikaiweka ndefu na nene, hata kipofu angeipapasa. Mstari wa kumi: upana mita 5, urefu mita 8. Nikazidisha, arobaini. Nikazidisha tena. Kisha mstari wa kumi na moja, ule wa seng'enge, ambao Alhamisi niliurekebisha ufuate namba zangu bila hata kuutazama, na Jumamosi hakuna aliyeutazama, wala mtu wa mbao. Ulikuwa na mwandiko mbaya kuliko yote. Nilipouchambua ulisema hivi:

5 + 8 = 13

Mkulima anunue seng'enge mita kumi na tatu.

Niliishika kalamu, nikaiweka chini. Bustani ina pande nne. Tano na nane ni pande mbili tu. Kwa mita kumi na tatu yule mkulima wa Zombo angefunga mbele na kushoto, na ng'ombe wangezunguka nyuma kwa adabu wakala bamia zote.

Nilishawahi kuwa na uhakika kama huo, Alhamisi, na uhakika ule ulinipeleka wapi! Kwa hiyo sikuuamini. Nilichukua uzi wa shangazi wa kushonea, nikachomeka vijiti vinne uani, shubiri tano kwa nane, nikazungusha. Nikahesabu. Nikang'oa vijiti, nikachomeka upya, nikahesabu kuanzia kona nyingine. Shangazi alitoka na kuni akanikuta nimechuchumaa, akaniuliza naroga nani. Ishirini na sita. Mara tatu, ishirini na sita.

Niliandika vipande viwili, cha tatu nikakiacha kitupu, nikaenda.

Mwalimu alikuwa kwenye banda la chai mbele ya kafe, yeye na dereva benchi moja, chapati katikati yao. Springi ilikuwa bado. Walikuwa wanagombea ni kabila gani lililomkimbia mwenzake, na kila mmoja alikuwa anamkatia mwenzake kipande.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba," wakajibu pamoja.

"Umeleta?" mwalimu akauliza.

"Viwili, mwalimu." Nikavitoa. "Cha tatu sijakiandika. Mstari wa kumi na moja una kosa." Nikamnyooshea mswada. "Safari hii si langu."

Dereva aliacha kutafuna. Mwalimu akaweka kikombe chini, akachukua mswada, akaugeuza. Akachovya kidole kwenye chai akachora juu ya meza: upande mmoja, upande wa pili. Akasita. Akachora wa tatu na wa nne polepole, kama mtu anayefunga mlango aliouacha wazi usiku kucha.

"Pande nne," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimezungushia mbili."

"Ndiyo, mwalimu."

Dereva akavuta pumzi ndefu, ya furaha, akajiandaa.

"Mhehe, subiri," mwalimu akasema. "Hapa kuna watu wanafanya hesabu." Akachomoa kalamu yake mfukoni, akaifuta mafuta ya chapati kwenye shati, akanipa.

Niliandika nimesimama, karatasi juu ya benchi. Mbili mabano tano jumlisha nane funga mabano sawasawa na ishirini na sita. Nikaipuliza ikauke. Kisha nikavuka kwenda kafe, umeme ulikuwa umerudi, nikamwamkia dada, nikainua mfuniko wa skana nikavilaza vile vipande vitatu kifudifudi kwenye kioo, kimoja baada ya kingine, nikihakikisha kila kimoja kinakaa sawa na ukingo.